Kasuku wa Kijani Mwenye Mtoto wa Buluu



Kila mwaka mvua zinapokatika na uwele ukianza kukomaa mashambani, huletwa darasani kwetu maswali mawili juu ya ndege. La kwanza ni la kifiqhi: je, yafaa kumfuga ndege tunduni? La pili huulizwa na wale waliokwisha kuona kwa jirani au sokoni: inakuwaje kasuku wawili wa kijani, mume na mke, watoe mtoto wa buluu? Tumeona tuyajibu yote mawili mahali pamoja, kwani mwenye kulielewa la pili huwa mwangalifu zaidi katika la kwanza.

Tuanze na ndege mwenyewe. Watu wengi wakisikia habari za kufuga kasuku hudhani ni mambo ya Ulaya na Marekani. Kumbe mmoja kati ya kasuku wadogo wanaofugwa sana duniani ni wa hapa hapa kwetu. Ni yule mdogo wa kijani, mwenye kichwa cheusi, kola ya njano shingoni, duara jeupe kuzunguka jicho na mdomo mwekundu. Urefu wake hauzidi sana sentimita 14 na uzito wake ni kama gramu 50 tu. Wako wanaomwita cherero. Wataalamu humwita Agapornis personatus, jina alilopewa na Mjerumani Reichenow mwaka 1887. Asili yake ni Tanzania, na makao yake ni uwanda huu wa kati: kuanzia upande wa Arusha na Tarangire, kupita Kondoa na Dodoma, hadi Iringa na Ruaha. Ukisafiri asubuhi kwenda Bahi au Mpwapwa, ukasikia kelele kali za makundi yanayoruka chini chini kutoka mbuyu mmoja hadi mwingine, mara nyingi ni hao.

Ndugu yake wa karibu ni kasuku wa Fischer, mwenye kichwa cha rangi ya chungwa, ambaye hukaa upande wa Singida, Nzega na Serengeti. Huyu ameitwa kwa jina la msafiri wa Kijerumani, Gustav Fischer, aliyefariki mwaka 1886. Wote wawili hutaga ndani ya mapango ya miti, na huku kwetu mti wenye mapango ni mbuyu.

Sasa tuje kwenye rangi, kwani hapo ndipo penye ajabu.

Kijani cha kasuku si rangi moja. Ni rangi mbili zilizokaa pamoja. Ndani ya unyoya kuna rangi ya njano ambayo mwili wa kasuku huitengeneza wenyewe. Chini yake kuna umbile dogo mno lisiloonekana kwa macho, lenye vishimo vidogo vidogo, na nyuma yake weusi. Mwanga ukiingia humo hurudi ukiwa wa buluu. Buluu hiyo ikipita katika ile njano, jicho lako linaona kijani. Mwenye kutaka kuhakikisha kwamba buluu si rangi ya kupakwa aokote unyoya wa buluu ulioanguka wa ndege yeyote, auponde kwa jiwe juu ya jiwe. Buluu itapotea na utabaki uchafu wa kijivu, kwa sababu umevunja lile umbile. Lakini aokote; asimnyofoe ndege.

Basi kasuku akizaliwa na mwili usioweza kutengeneza ile njano, hakuna kinachoongezeka. Kinachotokea ni kupungua. Mgongo uliokuwa wa kijani unabaki buluu, kola ya njano inakuwa nyeupe, mdomo mwekundu unapauka, na kichwa kinabaki cheusi kama kilivyokuwa, kwa sababu weusi una njia yake nyingine. Mwaka 2017 watafiti waliowachunguza bajerigari, wale kasuku wadogo wa Australia wenye mistari kichwani, walionyesha kwamba tofauti kati ya wa kijani na wa buluu imetokana na badiliko la herufi moja tu katika jeni moja, ile inayotoa amri ya kutengeneza njano. Herufi moja! Sisi tunaosahihisha hati za watoto twajua jinsi nukta moja inavyoweza kugeuza ba kuwa nun.

Habari hii inatuhusu sisi wa Dodoma zaidi kuliko wengine. Mwaka 1927, miongoni mwa kasuku wa kichwa cheusi waliokamatwa porini Tanganyika na kusafirishwa Uingereza, alikuwamo mmoja wa buluu, akafikishwa katika bustani ya wanyama ya London. Hakutengenezwa na mfugaji. Alitoka katika pango la mti wa nchi hii, kwa wazazi waliokuwa bila shaka wa kijani kama wenzao. Leo kasuku wa aina hiyo wa buluu wamejaa matunduni Ulaya, Asia na Amerika, na wengine huuzwa hapa nchini kwa bei ambayo muuzaji hudai ni ya ndege wa kigeni!

Vipi basi alitoka kwa wazazi wa kijani? Kila kifaranga hupewa amri ya rangi mara mbili, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Tuiandike amri ya kutengeneza njano kwa herufi kubwa K, na ile iliyoharibika kwa herufi ndogo k. Mwenye KK ni wa kijani. Mwenye Kk naye ni wa kijani, kwa kuwa amri moja nzima yatosha kuleta njano. Huyu wa pili kwa macho hana tofauti na wa kwanza, lakini amebeba siri. Mwenye kk peke yake ndiye wa buluu.

Mchukue sasa dume Kk na jike Kk. Kila mmoja humpa mtoto herufi moja, na hakuna ajuaye itakuwa ipi. Njia ni nne: K na K, K na k, k na K, k na k. Tatu za kwanza ni kijani na ya mwisho ni buluu. Ndiyo robo inayotajwa vitabuni. Hapa wanafunzi wengi huteleza, husema: "Ustadh, basi katika vifaranga wanne mmoja lazima awe buluu." Hapana. Kila yai lina hesabu yake, halijui mwenzake ametoka vipi. Nafasi ya yai moja kutotoa kijani ni robo tatu. Kwa mayai manne ni robo tatu mara robo tatu, mara nne, yaani 81 katika 256. Hivyo takriban mara 32 katika kila 100, wazazi hao watatoa vifaranga wanne wote wa kijani, na mfugaji atasema hawana kitu.

Ukimchukua wa buluu ukamwoza kwa wa kijani KK, watoto wote watakuwa kijani, na wote watabeba siri. Buluu kwa buluu, watoto wote ni buluu. Huko porini wenye kubeba siri hukutana kwa nadra, na huyo mmoja wa buluu akitokea katika kundi la kijani, kipanga humwona kwanza. Kwa sababu hiyo twaweza kuishi Dodoma miaka sitini tusimwone hata mmoja mbuyuni.

Mwenye kusoma hadithi atakuwa amekwisha kukumbuka kisa cha yule bwana wa Banu Fazara, kilichopokewa na Abu Hurayra (R.A.) na kuthibiti kwa Bukhari na Muslim. Alikuja kwa Mtume (S.A.W.) akiwa na wasiwasi kwa kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi. Mtume (S.A.W.) hakumkaripia, bali alimuuliza juu ya ngamia wake: rangi zao ni zipi, na je, kuna wa rangi ya majivu kati ya hao wekundu? Akakiri kwamba wapo. Alipoulizwa wametoka wapi, akajibu mwenyewe kuwa huenda ni asili ya nyuma iliyowavuta. Akaambiwa kuwa na mwanawe huenda ni hivyo hivyo. Hatusemi kwamba hadithi hii imekuja kufundisha sayansi ya jeni. Imekuja kulinda heshima ya mke na nasaba ya mtoto. Lakini tazama jinsi alivyofundishwa, kwa kuelekezwa kwenye wanyama aliowafuga na kuwajua mwenyewe. Kasuku wawili wa kijani wenye kinda wa buluu ni somo la namna ile ile, na ni aibu kwa mtu kumfahamu kasuku kisha akamtuhumu mkewe kwa rangi ya mtoto.

Kuna urithi mwingine unaokwenda kwa jinsia, na mfano wake mzuri ni kokateli. Huyu ni kasuku wa Australia, mkubwa kuliko cherero, wa kijivu, mwenye kishungi kichwani na doa la chungwa shavuni. Siku hizi wapo nchini kwa wafugaji. Hawezi kuwa wa kijani wala wa buluu, kwani manyoya yake hayana lile umbile la vishimo. Lakini wako kokateli weupe wenye macho mekundu, waliokosa weusi, na jeni yao imekaa katika kromosomu ya jinsia. Kwa binadamu mwenye kromosomu mbili zinazofanana ni mwanamke. Kwa ndege ni kinyume: dume ndiye mwenye mbili, jike ana moja tu ya aina hiyo. Kwa hiyo jike hawezi kuficha. Akipewa ile iliyoharibika, yeye ni mweupe. Ukimpandisha dume mweupe kwa jike wa kijivu, mabinti wote watakuwa weupe na madume wote wa kijivu, nawe utawajua wangali kiotani. Ugeuze, dume wa kijivu asiyebeba siri kwa jike mweupe, watoto wote ni wa kijivu. Wafugaji wanaooza weupe kwa weupe vizazi kwa vizazi, tena mara nyingine kaka kwa dada, hupata ndege wenye upara nyuma ya kishungi, wenye kuogopa usiku wakajipiga matunduni. Ufugaji wa kuchagua si jambo geni mkoani kwetu. Ng'ombe wa Mpwapwa alipatikana hivyo, kwa kuchanganya damu ya ng'ombe wetu na wa Bara Hindi na kwingineko. Tofauti ni kwamba pale walitafuta ng'ombe wa kustahimili ukame na kutoa maziwa. Mwenye kutafuta rangi tu husahau afya.

Turudi kwenye swali la kwanza. Maulamaa wengi, na wa madhehebu yetu ya Shafi wakiwemo, wamejuzisha kumfuga ndege. Dalili yao ni kisa cha Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik (R.A.), aliyekuwa na ndege mdogo wa kuchezea. Ndege alipokufa, mtoto akahuzunika, na Mtume (S.A.W.) akamliwaza kwa kumuuliza habari za ndege wake. Ibnul-Qass, mwanachuoni wa Kishafi, aliandika kitabu kizima akatoa faida zaidi ya sitini katika hadithi hiyo moja fupi. Lakini ruhusa hiyo ina sharti, na sharti lake lipo katika kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia. Hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Aliyefungiwa hana mtetezi ila aliyemfunga. Na katika Abu Dawud kuna kisa cha Masahaba waliochukua makinda mawili, mama yao akaja akipapatika juu yao, na Mtume (S.A.W.) akaamuru warudishiwe mama yao.

Hili la makinda ndilo linalotusumbua. Wako vijana, na baadhi yao ni wanafunzi wetu, wanaopanda mibuyu kutoa makinda, au kutega ulimbo kwenye maji wakati wa kiangazi, kwa kuwa kasuku hawa lazima wanywe kila siku. Ndege huuzwa kwa bei ya soda. Makinda yaliyotolewa mapema hayajui kula yenyewe, na wengi hufa. Wakubwa waliokamatwa hujigonga hadi manyoya yakatoka, au hukataa kula. Huyu muuzaji hakufuga. Amefanya lile ambalo Masahaba walikatazwa.

Tena nchi ilikwisha kuonja madhara yake. Mwaka 1987 kasuku wa Fischer alikuwa ndege wa mwituni aliyeuzwa kwa wingi kuliko wote katika biashara ya kimataifa, na wengi walitoka Tanzania. Hatimaye mwaka 1992 serikali ilisimamisha biashara yake, na mpaka leo anahesabiwa kuwa karibu na hatari. Mwezi Mei 2016 ukasimamishwa usafirishaji wa wanyamapori wote walio hai kwenda nje. Na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inahesabu kumkamata mnyama wa porini bila kibali kuwa kosa, hata kama mbuyu uko nyuma ya nyumba yako. Wakulima watasema ndege hawa hula mtama na uwele wao, na wana haki ya kuwafukuza shambani. Kumfukuza na kumuuza ni mambo mawili.

Kwa hiyo anayetaka kufuga atafute ndege aliyezaliwa tunduni, na amuulize muuzaji kibali. Kokateli na bajerigari hapa hawana shida hiyo, kwani Australia imezuia ndege wake wa mwituni kuuzwa nje tangu miaka ya 1960, na wanaouzwa ni wa kuzalishwa. Kisha ajihesabu. Kokateli akitunzwa huishi miaka 15 hadi 20, cherero miaka 10 na zaidi. Mtoto wa darasa la tano akinunuliwa kokateli leo, nani atamlisha atakapokwenda bweni?

Tundu liwe pana kuliko refu kwenda juu, ndege aweze kunyoosha mbawa na kurukaruka. Waya wenye kutu haufai, kwani kasuku hutafuna kila kitu. Lisiwekwe jikoni. Moshi wa mkaa huwadhuru, na mvuke wa kikaango kisichoshika chakula, kikiunguzwa, huua ndege kwa dakika chache. Hapa kwetu kuna jambo la upepo. Kuanzia Juni hadi Septemba upepo wa Dodoma ni mkavu na mkali na usiku ni baridi. Tundu liegemezwe ukuta, na usiku lifunikwe kwa shuka upande wa upepo. Ndege alale giza na utulivu saa 10 hadi 12. Redio na televisheni zinazokesha ni dhuluma kwake.

Chakula twashukuru tunacho. Uwele na mtama wa nyumba zetu ni mzuri, lakini nafaka pekee humnenepesha na kumdhoofisha. Apewe na mboga kama mchicha, karoti, majani ya mlonge, na yai la kuchemsha kidogo. Maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakakaushwa na kusagwa, humpa jike chokaa ya kutengenezea mayai yake. Akiikosa, yai hukwama tumboni naye hufa. Parachichi ni sumu kwake, chokoleti pia. Maji yabadilishwe kila siku, na apewe bakuli la kuogea.

Bakuli hilo lina faida nyingine wakati wa kutaga. Jike wa cherero hutaga mayai manne au matano, huyaatamia kwa siku 23 hivi akilishwa na dume, na makinda hutoka kiotani baada ya wiki sita. Hewa ya kiangazi chetu hukausha yai, kifaranga akafia ndani ya ganda. Jike aliyeoga hurudi na unyevu tumboni, na vijiti vibichi na vipande vya ukuti anavyovisuka kiotani huhifadhi unyevu huo. Kokateli hupokezana: dume huatamia mchana, jike usiku, kwa siku 18 hadi 21. Asioze mtu ndege asiyetimiza mwaka, wala asiwaache watage zaidi ya mara mbili kwa mwaka; aondoe sanduku la kutagia.

Cherero dume na jike hufanana kabisa. Wengi hununua "jozi" wakakuta mayai manane au tisa sandukuni, hakuna linaloangua. Hao ni majike wawili.

Na asichanganywe cherero wetu na yule wa Fischer. Huzaana, na katika maeneo kama Naivasha, Kenya, ambako wote wawili waliachiwa na watu, mchanganyiko umejaa. Mchanganyiko huchanganya hata akili. Mtafiti wa Marekani, William Dilger, mwaka 1962 alieleza alivyomwoza kasuku wa Fischer, ambaye hubeba vijiti vya kiota kwa mdomo, na kasuku wa Namibia, ambaye huvichomeka katika manyoya ya mgongoni. Majike waliozaliwa walivichomeka vikaanguka, wakachomeka tena vikaanguka. Iliwachukua miaka kujifunza kubeba kwa mdomo tu, na hata hapo bado walikuwa wakigeuza shingo nyuma kidogo kabla ya kuruka.

Mwisho, kinyesi cha kasuku kikikauka kikawa vumbi kinaweza kubeba ugonjwa wa mapafu unaoambukiza watu. Ndege mpya akae peke yake siku 30. Tundu lisafishwe likiwa limelowanishwa, mikono ioshwe kwa sabuni, na mtu akipata homa na kikohozi kisichopona amwambie daktari kwamba nyumbani kuna kasuku. Ndege akijivimbisha manyoya, akakaa chini ya tundu mchana, apelekwe siku hiyo hiyo kwa daktari wa mifugo wa wilaya. Ndege huficha ugonjwa hadi nguvu zimwishie, na kesho huwa amechelewa.